Kuchunga Bonde la Bi. Wanda

Jumapili, 3 Mei 2015

Baba mdogo Bonheur amepiga simu tena kutoka Columbus. Kila Jumapili baada ya ibada, kama kengele. Anasema kule Whitehall ghorofa zimejaa watu wa kwetu, depo za mizigo zinaandika watu kila wiki, hata asiyejua Kiingereza anapata kazi. "Kaka, unangoja nini kule mu baridi? Utazeeka na kofia mu kichwa." Baba alicheka, lakini hakusema hapana. Hilo ndilo linaloniudhi.

Tumeshahama mara moja. Tulifikia Louisville, karibu na bustani ya Iroquois. Nikapata rafiki, nikajua njia ya maktaba, halafu kiwanda cha Baba kikafungwa na tukaja Buffalo. Koko, mama yake Baba, alibaki kule kwa shangazi Patricia. Sasa niko darasa la nane na nimejua tena njia ya maktaba. Sitaki kujifunza njia ya tatu.

Mwalimu Liberati, aliyetufundisha katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alisema katika shajara andika kwanza lililotokea, halafu hasira. Naona nimeanza na hasira. Basi, lililotokea ni hili.

Mama anamhudumia Bi. Wanda, bibi wa miaka themanini na mmoja, mitaa minne kutoka kwetu hapa North Buffalo. Anamwogesha, anampikia, anampa dawa. Bi. Wanda ana shamba kando ya ziwa, mwendo wa saa moja kwa gari. Halilimwi chochote. Ni nyasi, kinamasi na ndege. Mumewe aliliacha hivyo kwa makusudi, na yeye hajabadilisha. Mtu aliyekuwa akiliangalia amehamia Florida. Mama akamwambia, mume wangu amekulia mlimani Kabare, kule Kongo, anajua majani kuliko watu. Bi. Wanda akasema aje.

Baba aliuliza: ni shamba la kulima nini? Mama akajibu si la kulima, ni la nyama na ndege. Kwetu nyama ni mnyama yeyote, hata aliye hai. Baba akaacha kijiko. Babu yake alitolewa kando ya msitu ili wanyama wakae. "Hata huku," alisema. "Ndege iko na shamba, mie niko na chumba mbili."

Lakini alikubali kwenda kuangalia.

Jumatano, 6 Mei

Bi. Wanda ametuma barua kupitia kwa Mama. Ukurasa mmoja, kwa mkono wake. Nimeitafsiri mezani baada ya chakula. Mimi ndiye ninayetafsiri kila kitu katika nyumba hii — barua ya umeme, ya shule, ya daktari wa meno. Nikikosea hakuna wa kunisahihisha. Watu wazima wanadhani hiyo ni sifa. Ni mzigo.

Barua inasema Baba ataliangalia bonde la shamba lile majira yote ya kiangazi, Jumamosi na siku nyingine akipata nafasi. Mwisho wa Agosti, kama Bi. Wanda na mtaalamu wa ndege wameridhika, familia yetu itahamia katika nyumba ndogo iliyo pale pale shambani, na Baba ataacha kiwanda anachofanyia kazi hapa Buffalo awe mwangalizi wa kudumu. Wasiporidhika, tutapeana mikono na kuachana vizuri. Nilisoma sehemu ya nyumba mara mbili. Hakuna aliyeniomba.

Baba akasema: bon, ikiwa hapana, tunaenda Columbus kabla shule hazijafunguliwa. Kwa hiyo ni nyumba ile au Whitehall. Hakuna la katikati.

Neno moja katika barua lilinisumbua. Ni lile la Kiingereza, manage, wanalotumia kwa kampuni, kwa hoteli, hata kwa hasira zako mwenyewe. Kamusi inasema "kusimamia". Nikamwambia Baba utasimamia nyasi. Akauliza, nisimame juu ya majani? Mama alicheka mpaka akaweka sahani chini. Nikajaribu "kutunza". Baba akasema hiyo ni ya mtoto na mgonjwa, majani haiko mgonjwa.

Basi nikasema: "Utachunga, Baba. Utachunga pale bondeni, kwa ajili ya ndege."

Uso wake ulibadilika. Sijui nieleze vipi. "Amesema vile? Nichunge?"

Ndiyo.

"Mu majani na mu mare?" Kinamasi anakiita mare, kwa Kifaransa chake.

Ndiyo, kote.

Akaomba barua, ingawa hawezi kuisoma, akaikunja mara mbili, akaitia katika Biblia yake.

Nimelipenda neno langu. Ni dogo, ni la kila mtu, halina haja ya kamusi. Nadhani mwalimu Liberati angelipa alama.

Jumamosi, 16 Mei

Tumekwenda! Baba, mimi, na Bi. Wanda mwenyewe kwenye kiti cha mbele, amefungwa mablanketi kama mtoto.

Nilitarajia kitu cha kupendeza mara moja. Hakikuwa. Kulikuwa na upepo, nyasi za mwaka jana zimelala chini kama nywele zisizochanwa, majani mapya yakitoka katikati yake. Ukishuka, udongo unaanza kulia chini ya viatu. Halafu matete. Halafu maji, halafu ziwa lenyewe, la kijivu, halina ng'ambo. Nyumba ndogo ina vyumba vitatu na kibaraza kilichopinda. Chumba cha nyuma kinaangalia matete. Nimeshajua kitanda changu kitakaa ukuta gani.

Baba alipiga magoti, akang'oa jani, akalitafuna. Akatafuna lingine. Bi. Wanda akaniuliza kwa sauti ndogo kama ana njaa. Nikamwambia anasoma. Hilo lilimfurahisha sana.

Mtaalamu wa ndege anaitwa Marita. Anafanya kazi na watu wanaosaidia wenye mashamba kama hili. Ana buti mpaka mapajani na darubini shingoni, na anaongea haraka. Alituonyesha ndege anayeitwa bobolinki: dume ni mweusi, kisogo kama amepakwa siagi. Huimba akiwa angani, na sauti yake ni kama redio inayotafuta stesheni. Anatoka Amerika ya Kusini, safari yote hiyo, ili ajenge kiota chini kabisa, kwenye majani. Marita amehesabu madume kumi na moja. Kutoka sasa mpaka katikati ya Agosti, majani yasikatwe, mbwa wasiingie, watu wapite njia ya kando tu.

Nilimpa Baba yote. Aliposikia kuhusu kukata, alishangaa. "Nani anakata majani ya kuchunga?" Nikaona ni jibu la mtu mwenye hekima.

Kuhusu viota akasema: "Najua. Kwetu pia ndege inalala chini ya ng'ombe." Nikadhani anakumbuka nyumbani. Sikutafsiri hilo. Marita alikuwa ameshaanza kuongea kitu kingine.

Jumatatu, 25 Mei

Sikukuu. Majirani wote wanachoma nyama nje. Sisi tumejenga ua.

Kulikuwa na seng'enge ya zamani kuzunguka nyasi za juu, imeanguka nusu. Baba amekwenda bondeni jioni nne peke yake baada ya kiwanda, na leo tumemaliza: nguzo arobaini na mbili. Mikono yangu ina malengelenge na mtihani wa sayansi uko karibu. Nilimwuliza kwa nini ua uwe imara hivi, akasema huwezi kuchunga mahali palipo wazi. Nikakubali. Vijana wa huko hupita na pikipiki za magurudumu manne, nimeona alama zao. Nilimwambia Bi. Wanda kwa simu kwamba Baba anafunga njia ya pikipiki. Akasema mume wake alitaka kufanya hivyo miaka kumi. Akasema Mungu ambariki.

Tulipokuwa tunakula mkate, Koko akapiga simu kutoka Louisville. Anauliza kila mara swali moja: kule mnakaa na nani? Baba akamjibu kwa Kimashi, lugha ya kabila lao, akicheka peke yake, maneno mengi sana. Nilisikia neno la ng'ombe. Nikamwuliza anasema nini. "Namwambia mutoto yake amekuwa muntu tena."

Nilitaka kumkumbatia. Sikufanya. Tulikuwa na nguzo tatu zimebaki.

Jumamosi, 6 Juni

Kuna ng'ombe bondeni.

Andika kwanza lililotokea. Tulifika saa nne asubuhi. Baba hakuwa ameniambia kitu, ila njiani alipiga mluzi, na yeye hapigi mluzi. Alipofungua geti kulikuwa na trela kando ya barabara na mzee Ngarambe ameegemea hapo na fimbo. Ngarambe anaongoza kwaya yetu. Ni Munyamulenge, kabila la wafugaji wa kwetu, anafanya kazi kwenye shamba la maziwa, na bosi wake humwachia ndama dume ambao hawataki. Sita, weusi na weupe, wakubwa kuliko meza. Walikuwa wameshuka trelani tangu jana mchana. Walikuwa katikati ya nyasi, vichwa chini, wanakula.

Ngarambe alikuwa anamtania Baba kwa kabila lake. "Angalia vile anasimama! Mushi anajua ng'ombe ya kuoa tu, leo amepata ya kuchunga." Na Baba: "Wewe endesha trela yako. Hawa wamejua sauti yangu tayari." Kweli, aliwaita na wakainua vichwa.

Nilikimbia. Nilikimbia moja kwa moja, nje ya njia, jambo ambalo ni kosa pia. Bobolinki jike alitoka karibu na mguu wangu. Hatua chache mbele nikaona alama ya kwato imejaa maji, na ukingoni pake kikombe cha majani kimebonyea, na ndani yake kitu cha njano kimeshikamana na ganda. Lilikuwa yai. Kulikuwa na mengine mawili mazima. Yalikuwa baridi.

Nikapiga kelele kwa Kiingereza. Sikumbuki nilisema nini. Baba alikuja polepole na fimbo mabegani, anatabasamu, akauliza nyoka iko wapi.

Jumapili, 7 Juni

Jana sikuweza kumaliza.

Nilimwambia: hukuruhusiwa. Akasema: nilipewa ruhusa kwa barua. Nikamwambia barua haisemi ng'ombe. Akasema barua inasema nichunge. Kuchunga ni nini? Kuchunga upepo?

Ngarambe akamwunga mkono. Kuchunga ni kuchunga, mutoto. Hata Daudi alichunga.

Nilisema kuchunga ni kulinda pia. Kuangalia. Watu husema chunga mtoto, chunga mdomo wako. Baba akaniuliza: "Josiane. Unamwambia muntu ya Kabare achunge bonde, na anafikiri mdomo?"

Hapo nikaelewa. Si kwamba hakusikia. Alinisikia vizuri kabisa. Neno langu dogo la kila mtu! Alitafuna majani kwa sababu alikuwa anapima malisho. Alijenga ua ili ng'ombe wasitoke. Alimwambia Koko. Kila kitu kilikuwa wazi mbele yangu mwezi mzima, na nilikuwa ninatafsiri.

Nikasema, "Nilikosea neno." Kwa Kiswahili, taratibu.

Aliondoa fimbo mabegani. Alisimama akiangalia wale ng'ombe, na nilitamani anigombeze. Halafu akamwambia Ngarambe awarudishe leo leo. Ngarambe akasema mpaka Jumatatu, gari ya kuvuta trela ni ya bosi, donc aombe kwanza. Baba hakungoja. Aliwaswaga wote sita mpaka uwanja wa changarawe nyuma ya nyumba, akawafungia kwa kamba na nguzo zilizobaki, akawabebea maji kwa ndoo mpaka jua likaelekea ziwani. Hakuniambia nimsaidie. Nilibeba ndoo hata hivyo.

Leo kanisani kwaya imeimba vibaya. Ngarambe hakututazama. Baba mdogo Bonheur amepiga simu. Baba hakucheka hata kidogo.

Jumanne, 9 Juni

Ng'ombe wameondoka jana. Leo Marita ameacha ujumbe kwenye simu yangu (namba ninayotoa ni yangu siku zote): anakuja Jumamosi saa tatu kuhesabu viota, na Bi. Wanda anataka kuwepo. Anauliza kama kuna jambo la kumjulisha kabla.

Sijamjibu.

Tulikaa mezani. Baba alimpigia Bonheur, akamweleza kwa sauti ya simu iliyofunguliwa, kwa hiyo sote tulisikia. Bonheur hakufikiri hata dakika. Sema ng'ombe ya jirani ilivunja ua. Wazungu wako na ng'ombe kila upande, nani atauliza ng'ombe kitambulisho? "Na yule mutoto anaongea Kiingereza muzuri. Akisema yeye, wataamini."

Yule mutoto alikuwa amekaa hapo.

Mama alifunga bomba. Alisema: "Bonheur, mimi ndiye namwogesha yule mama. Sitamwogesha na uongo katikati yetu." Akarudi kwenye sahani.

Bonheur akasema basi fungeni mizigo, nitawatafutia ghorofa.

Baba alikata simu. Akaniuliza: "Jumamosi utasema nini?" Hakunitisha. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei asiyokuwa nayo. Nikisema ukweli, ni mimi ninayemtoa kwenye nyumba ile, kwa mdomo uleule. Nikisema uongo, nitausema kwa Kiingereza kizuri, sarufi sahihi, na Bi. Wanda atanipa peremende kama kawaida.

Nikamjibu, "Sijui, Baba. Kwa nini kila kitu nikiseme mimi?"

Nilisema kwa ukali. Mama alisema jina langu. Baba akasema mwache. Akatoka kwenda kuangalia gari, ambalo halina tatizo.

Jumatano, 10 Juni

Mtihani wa sayansi. Swali la sita: eleza jinsi mifugo inavyoathiri makazi ya wanyama. Niliandika ukurasa mzima na nusu. Mwalimu ataniona nina akili.

Alhamisi, 11 Juni

Baada ya shule nilipita kwa Bi. Wanda kumngoja Mama. Mama alininong'oneza mlangoni nisiseme kitu. "Hilo neno ni la baba yako kulitoa. Ukimtangulia, utakuwa umemfanya mtoto." Nikamjibu tayari nimemfanya mtoto. Akanipiga kidogo begani.

Bi. Wanda alitaka kusikia habari za ua. Nguzo ngapi? Seng'enge imevutwa na mashine au kwa mikono? Alisema Baba ana mikono ya mkulima wa kweli, na kwamba Marita alikuwa na wasiwasi kumpa kazi mtu ambaye hawezi kuongea naye, lakini yeye alimjibu: msichana yupo, msichana anafikisha kila kitu.

Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili wasinisikie.

Alinikuta sijala peremende yake. Akauliza kama niko sawa shuleni. Nikasema ndiyo. Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa wiki, na haukuwa hata ule uliokuwa ukijadiliwa.

Jambo lingine. Baba amechelewa kurudi siku tatu mfululizo. Anarudi viatu vimelowa na magoti ya suruali yana kijani. Nimemwuliza anafanya nini kule bondeni. Anasema, "Nakaa." Unakaa tu? "Nakaa nanyamaza." Mama anasema tumwache. Katika nyumba hii sasa kila mtu anasema mwache.

Ijumaa, 12 Juni

Nimeandika maneno ya kesho kwa Kiingereza kwenye karatasi. Matoleo mawili. La kwanza linasema kosa ni la tafsiri. La pili linasema kosa ni langu. Nikayasoma yote mawili na nikaona la kwanza ni woga umevaa shati safi. Nimelichana.

La pili nimelisoma mbele ya kioo. Sauti inatetemeka kwenye neno "mayai".

Baba mdogo ametuma picha za ghorofa. Zulia la kahawia. Dirisha linaangalia maegesho. Mama amezitazama zote kwa makini, moja moja, na hilo limeniogopesha kuliko kitu kingine chochote.

Jumamosi, 13 Juni

Naandika nikiwa ndani ya gari, kiti cha nyuma, getini pa bonde. Saa tatu na dakika ishirini.

Mama yuko kazini kwa mgonjwa mwingine. Bi. Wanda yuko kiti cha mbele, kioo kimeteremshwa, ana blanketi na kofia ya majani. Marita alikuwa ametangulia. Nilikuwa na karatasi yangu mkononi, mguu mmoja nje, na Baba akanishika bega.

"Baki."

Nikamwambia Baba, hataelewa. Maneno yako ni machache.

"Ni machache," akasema. "Ni yangu. Baki na mama mzee."

Akaenda peke yake. Kiingereza anachokijua ni cha kiwandani: sanduku, juu, chini, haraka, samahani, kesho. Ninaomba Mungu "samahani" itoshe kwa muda mrefu.

Wamesimama mwanzoni mwa njia. Upepo unatoka huku kwenda kule, sisikii neno. Namwona Baba tu. Ameonyesha nyasi. Ameinua vidole sita. Halafu ameweka vidole viwili kwenye kichwa chake mwenyewe, kama pembe, na Marita ameinamisha shingo kama mtu asiyeamini anachokiona. Sasa Baba ameweka mkono kifuani. Kwa nguvu. Mara mbili. Hakuonyesha upande wa jirani. Hakuonyesha gari, mahali nilipo.

Marita ameandika kitu. Ameandika kwa muda mrefu sana. Mdomo wake umebana.

Bi. Wanda ameniuliza kwa nini baba yangu anacheza ng'ombe.

Mama alisema neno ni la Baba kulitoa. Ameshalitoa. Kwa hiyo nimemwambia. Nimemwambia kuna kitenzi katika lugha yetu kinachomaanisha kulinda, na kinamaanisha kulisha mifugo, na nilimpa Baba kitenzi hicho kwa mkono wangu, na akafanya alichoambiwa, vizuri kuliko mtu yeyote angefanya. Nimemwambia ng'ombe sita, kutoka Ijumaa mchana mpaka Jumamosi saa nne na kitu. Nimemwambia ua haukuwa wa pikipiki. Sikutumia karatasi. Kwenye "mayai" sauti ilitetemeka kama ilivyotarajiwa.

Anaangalia mbele. Mikono yake iko juu ya blanketi, haisogei.

Kule nje Marita amefunga daftari. Anaongea, mkono wake unakata hewa. Baba anatikisa kichwa, si kukataa, ni kama anasema ngoja. Ametoka kwenye njia. Marita anamwita. Baba amegeuka, ameweka kidole mdomoni, halafu amechuchumaa pale pale, haendi mbele. Anakaa. Ananyamaza. Ndiyo hii kazi aliyokuwa akiifanya jioni zote.

Marita amesimama tu. Sasa naye amechuchumaa.

Jike mmoja ameshuka kwenye majani. Baba amehesabu kitu kwa vidole, ameonyesha mahali, si pale ndege alipotua bali pembeni kidogo, na Marita ameinua darubini. Dakika inapita. Ameonyesha pengine. Na pengine. Sijui kama ni viota vilivyobaki au vilivyokufa. Sijui kama vitatu ni vingi au ni vichache kati ya kumi na moja. Sijui Marita anafikiri nini, kwa sababu ana darubini usoni na siwezi kumwona macho.

Bi. Wanda amesema nimpe fimbo yake.

Nimemwambia Mama amekataza asitembee kwenye udongo laini. Amesema anajua Mama amekataza nini. Nimemwuliza kama amekasirika. Amesema atajua akifika pale.

Fimbo iko chini ya kiti changu. Ameshafungua mlango. Mguu mmoja uko nje tayari, kiatu kimezama, na ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Naacha kalamu nimpe fimbo.